Bahari Ilipotulia

Jioni hiyo mpimaji alibakiza kipimo kimoja tu. Kazi yake ilikuwa kutuma mlio chini ya maji, kisha kusikiliza unavyogonga uso wa bahari kutokea chini na kurudi. Bahari ikichafuka, mawimbi huutawanya mlio, ukarudi vipande vipande. Ikitulia, hurudi mzima, kama sura kwenye kioo.

Mumewe, nahodha wa boti, hakupenda kutoka siku za shwari. "Zina mikosi," alizoea kusema. Na kwa kuwa mdogo wa mkewe alizama siku ya shwari, akiwa kazini naye botini, hakuna aliyembishia. Leo mkewe alimng'ang'ania mpaka akakubali.

Mpimaji alishusha kinasa sauti majini, akavaa hedifoni. Nahodha akazima injini.

Kimya.

Akatuma mlio. Ti... Ukarudi. Ti.

Akatuma tena. Ukarudi, na nyuma yake kikafuata kitu kingine.

Pumzi.

Harufu ikampanda puani, ya mafuta aliyokuwa akimsukia mdogo wake nywele.

"Shemeji, nipe mkono..."

Sauti ile aliijua tangu utotoni.

"Shemeji, sitamwambia dada. Nipe mkono."

Kisha ya kiume, tulivu, ile inayomwamsha kila asubuhi:

"Ungenyamaza tangu mwanzo."

Mpimaji akashika ukingo wa boti. Siku zote za matanga ya mdogo wake, mkono huo alionyimwa marehemu ndio uliomfuta yeye machozi.

"Unasikia nini?"

Mumewe alikuwa mgongoni kwake. Hakumsikia akija.

"Kamba wa baharini tu, wanavyotatarika huko chini," alinong'ona. "Turudi. Kichwa kinaniuma."

Nahodha alibaki amesimama mgongoni kwake... Ndipo upepo ukainuka, maji yakakunjamana, na sauti zile zikasambaratika. Nahodha akashusha pumzi, akawasha injini.

Usiku huohuo mpimaji alihamia kwa shangazi yake. Kituoni, askari alisikiliza kanda mwanzo hadi mwisho. Mlio ukaenda, ukarudi, basi. "Hamna kitu humu, mama," alisema kwa upole.

Mumewe hakumfuata, wala hakuuliza amekosa nini. Ila fundi wa injini ya boti ile alikuja kumwona shangazi, akasita mlangoni. Alisema siku hizi bahari ikitulia, nahodha hulala kifudifudi, sikio sakafuni mwa boti.

"Nilimuuliza anasikiliza nini."

"Akasemaje?"

"Eti shemeji yake aliyezama anamuulizia dada yake." Fundi akapunguza sauti. "Naye amemwambia asubiri, atamletea."