Boza la Maji Zuzu

Vumbi la maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni lilishawageuza watu wote rangi moja, isipokuwa kijana mmoja wa shati jeupe aliyesukumwa na umati hadi mbele ya meza ya Yasinta.

"Dada, hii soda ya zabibu?"

"Soda?" Yasinta alishika kiuno, kitenge chake cha zambarau kikimkaa barabara. "Kaka, huu ni mvinyo mwekundu wa Makutupora. Zabibu ya hapahapa Dodoma. Onja, halafu uniombe radhi."

Akaonja. Uso ukakunjamana, kisha ukakunjuka taratibu.

"Mkavu. Halafu unanibishia mdomoni."

"Kama sisi tunaoutengeneza."

Aliitwa Anyitike, mtumishi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, mzaliwa wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi, inaishi. Aliondoka na chupa mbili na namba ya simu.

Kufikia Septemba alikuwa "mpenzi", na Yasinta "malkia". Jumapili moja Yasinta alimpeleka kuona shamba lake kijijini Zuzu. Kwenye maonyesho alikuwa akiuza mvinyo wa kikundi chao cha wakulima. Zabibu hizi zingetoa mvinyo wake wa kwanza, wenye jina lake kwenye chupa. Hoteli moja ya mjini ilishaahidi kuuchukua wote, ukiwa mzuri.

"Malkia, ardhi imepasuka hivi! Mizabibu inakufa kiu."

"Iache ione kiu," Yasinta alicheka, wala hakueleza zaidi. Anyitike akadhani anaficha shida.

Jumatano Yasinta alirudi kutoka mjini kununua chupa, akapishana na boza la maji likitoka shambani kwake. Viatu vilizama kwenye tope. Simu ikaita.

"Malkia, umeiona zawadi?"

"Anyitike! Ni wewe?"

"Boza zima! Nimeona unaona aibu kuniomba."

"Aibu gani? Nimeinyima maji makusudi! Zabibu inayokaribia kuvunwa ukiinywesha inavimba, utamu unapotea. Nitatengeneza mvinyo gani na maji haya?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" Akakata, akakaa kwenye tuta, akalia hadi kilemba kikalegea.

Dawa ilikuwa moja tu: kuziacha zabibu mizabibuni bila kuzivuna, hadi jua lirudishe utamu. Lakini majirani walishavuna, kwa hiyo ndege wote wa Zuzu wangehamia kwake. Alfajiri alidamka kwenda kuwafukuza, akasikia debe likigongwa. Kati ya mizabibu alisimama Anyitike, suruali ya ofisini imeingizwa kwenye soksi, anawafokea ndege kwa Kinyakyusa.

Yasinta alibana midomo asicheke.

"Unawaambia nini?"

"Waende Mtumba, kuna viyoyozi."

"Na kazi je?"

"Nimechukua likizo. Nilikwenda kumpa mama yako shikamoo, nikamuuliza nifanyeje. Akanitukana kwanza, kisha akaniazima debe."

"Bado nina hasira."

"Kasirika, malkia. Ila shika upande ule, wanaingia."

Walishinda hivyo siku hadi siku, mmoja upande huu, mwingine ule, wakitaniana kwa sauti juu ya mizabibu. Zabibu chache zilioza, nyingine zikaliwa. Zilizobaki zikasinyaa kidogo, zikaiva nyeusi tii. Asubuhi moja Yasinta alitafuna moja, akafumba macho. Midomo ilinata.

"Vipi?" Anyitike aliuliza.

"Utamu umerudi. Kesho tunavuna."

Anyitike aliliweka debe chini, akajifuta mikono kwenye shati ambalo halikuwa jeupe tena.

"Mvinyo ukiiva, usiwauzie hoteli wote. Tutahitaji mwingine wa harusini."

"Harusi ya nani?"

"Yasinta."

Hakuwahi kumwita jina lake tangu Agosti. Yasinta aliangalia mizabibu, mstari kwa mstari, kama anaipigia hesabu.

"Ndugu zako wa Tukuyu wako wengi?"

"Ukoo mzima utakuja."

"Na wanakunywa?"

"Sana tu."

Yasinta alishusha pumzi ndefu.

"Basi hoteli itapata nusu."