Faili Lililoingia Baada ya Ukaguzi

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa pomoni, kila mteja akitaka ahudumiwe yeye kwanza. Muuzaji aliweka waya mmoja juu ya kaunta, wa mwisho dukani, na mikono miwili ikaushika kwa pamoja.

"Huo ni wangu, kaka," alisema mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Dada, mimi nimeuomba hata hujaingia." Mwanamume huyo alivaa shati jeupe lenye madoa ya wino hadi viwikoni, na kamba za kiatu kimoja zilikuwa zimefunguka.

"Unajua waya huu unaitwaje?"

"Jina silijui. Naujua kwa sura."

Foleni nzima ilicheka. Mwanamke hakucheka. "Wa kufanyia nini?"

"Kuna onyesho la filamu fupi za katuni, linazunguka mji hadi mji. Moja kati ya hizo nimechora mimi. Kesho tunaanza hapa, na naambiwa fundi wa ukumbi ni mkali kama pilipili. Nikifika bila waya, atanimeza mzima mzima."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mama anayekata tiketi."

"Huyo ni shangazi yangu. Na huyo fundi ni mimi."

Mchoraji aliuachia waya polepole. "Basi uchukue, Fundi. Unichukue na mimi, maana njia yetu ni moja."

Fundi alikuwa na sheria moja kazini. Kila filamu aliitazama tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya siku ya onyesho, na baada ya ukaguzi huo hakuna faili lililoingia tena kwenye mashine yake. Filamu isiyokaguliwa huweza kukosa sauti, au kukwama watu mia tatu wakiitazama, na lawama hupanda ngazi hadi chumba cha projekta. Washiriki wote wa onyesho waliikubali sheria hiyo, isipokuwa mchoraji. Filamu yake ya dakika mbili ilihusu mbwa mzee kwenye stesheni tupu, na katika kila mji aliibadilisha: leo sikio la mbwa, kesho kivuli cha ukuta. Alikuwa mtu asiyemaliza. Chai yake ilipoa kikombeni. Sentensi zake zilikatikia njiani.

"Kazi ya kuchora haina mwisho, Fundi wangu," alimwambia.

"Yangu inao. Taa zinawashwa, watu wanakwenda makwao."

Onyesho lilikaa siku chache tu, na kabla halijaondoka mchoraji alikuwa amekwisha kumbebea mkoba wa vifaa, amemchekesha pasipo ridhaa yake, na amemfanya achelewe kazini, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kisha magari yakapakiwa, safari ya mwezi mzima ikaanza, na mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Sema."

"Nina jambo nataka kukuambia. Unajua, tangu siku ile dukani, mimi..."

"Wewe nini?"

"Basi tu. Tutaongea nikirudi."

Fundi aliitazama simu kama mashine iliyozimika bila sababu.

"Mwenzako anasemaje?" shangazi aliuliza, akipanga tiketi dirishani.

"Hasemi, shangazi. Anaanza."

"Mwanamume wa kuanza tu ni wa kuogopwa, mwanangu."

"Simwogopi. Ananichosha."

Simu iliyofuata ilipokatikia palepale, uvumilivu ulimwisha Fundi. "Nisikilize. Onyesho la kufungia ziara ni hapa kwetu. Ukija, uje na sentensi nzima. Kama huna, usipande ngazi zangu, na hii simu usiipige tena."

"Nitakuja nayo, roho yangu."

"Nzima."

"Nzima."

Jumamosi ya onyesho hilo la kufungia, alasiri, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Zikiwa zimebaki dakika chache kuanza, mchoraji alipanda ngazi mbilimbili. Shati lilikuwa limepigwa pasi safari hii, lakini vifungo vilipishana. Mkononi alikuwa na flashi.

"Fundi wangu, naomba kitu kimoja tu."

"Hapana."

"Hata hujakisikia."

"Nimekiona. Umekishika."

"Ni toleo la mwisho."

"La mwisho ulinitumia Jumatatu. Jingine la mwisho likaja Jumatano. Wewe una miisho mingapi?"

"Niamini mara hii moja. Usilitazame kwanza. Liweke tu."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Fundi alijua jibu sahihi. Hata hivyo akachukua flashi, akaliingiza faili bila kulikagua.

Zamu ya filamu hiyo ilipofika, mbwa hakuonekana. Kwenye skrini alitokea mwanamke mwenye ovaroli ya bluu, penseli kichwani, anaigombeza balbu. Akaunyooshea kidole waya. Akaizaba projekta kofi, kisha akainamisha sikio kusikiliza kama imetubu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

"Jamani!" sauti ya shangazi ilisikika kutoka viti vya mbele. "Huyu si wa kwetu huyu?"

Vichwa viligeuka kutazama dirisha la chumba cha projekta. Masikio ya Fundi yaliwaka moto. Alikuwa ameomba sentensi, ameletewa kichekesho. Alibonyeza kitufe, na skrini ikabaki nyeupe. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amewahi kukatisha filamu ya mtu.

"Ndiyo sentensi yako hiyo?" alimgeukia mchoraji, aliyekuwa bado amesimama nyuma yake.

"Ngoja kwanza..."

"Umenianika mbele ya mji mzima!"

"Nimekuchora mwezi mzima, kwenye mabasi, kwenye vitanda vya nyumba za wageni. Mtu hajitesi hivyo kwa ajili ya kumcheka mwenzake. Twende hadi mwisho, utaona."

Fundi alisogeza faili mbele kwenye kompyuta. Mwanamke wa ovaroli alikuwa ndani ya chumba. Nje ya mlango, mwanamume mwenye madoa ya wino aliinua mkono abishe hodi. Rangi zikatoweka, ikabaki michoro ya penseli, kisha hata penseli ikaisha.

"Imeishia wapi?"

"Haijaisha."

"Umeleta ukumbini kwangu filamu ambayo haijaisha?" Hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote.

"Ningeimalizaje peke yangu? Nikichora amefungua, nimekujibia. Nikichora hakufungua, nimejihukumu."

Fundi alitafuta kosa katika hoja hiyo, akalikosa, na kulikosa kukamuudhi zaidi. Chini watu walipiga miluzi. "Rudisha picha!"

"Teremka," alisema. "Nenda uwaambie kwa nini haijaisha. Sentensi nzima, na nukta yake."

Akairudisha filamu pale alipoikatiza. Safari hii aliitazama kwa makini. Baada ya lile kofi, mwanamke wa kwenye skrini aligeuka kuhakikisha hakuna anayemwona, kisha akaifuta lenzi taratibu kwa ncha ya kitambaa, kama mama amfutavyo mtoto uso. Ndivyo Fundi alivyofanya kila asubuhi, na hakuwahi kumwambia mtu. Hapakuwa na kilichotiwa chumvi. Ilikuwa kweli tupu, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na kweli.

Skrini ikawa nyeupe. Akawasha taa. Mchoraji alikuwa amesimama mbele, amejikunyata.

"Samahanini," alianza. "Filamu imekwama hapa kwa sababu mimi... kwa sababu yule fundi..."

Sentensi ikakatikia njiani.

"Malizia!" shangazi alifoka.

"Malizia!" ukumbi ukaitikia.

Aliinua macho hadi dirishani. "Kwa sababu nataka kumwoa fundi wa ukumbi huu, na sijui kama atakubali."

Ukumbi ulilipuka. Fundi alifungua kile kidirisha, akatoa kichwa, akangoja hadi kelele zikaisha.

"Amekubali," alisema. "Ila hiyo filamu naitaka Ijumaa, ikiwa na rangi hadi mwisho."

"Ijumaa, mpenzi? Mlango peke yake utanichukua..."

"Ijumaa."

Akafunga kidirisha na kuitafuta filamu inayofuata. Aliipita mara mbili bila kuiona, kwa kuwa machozi yalikuwa yamemjaa machoni wakati wa kazi, jambo lililomkera kupita kiasi.