Bima ya Hiari na Cherehani ya Bibi

Zamani sana, yaani likizo ya mwaka jana, nyumba yetu iliamshwa na cherehani. Ilikuwa ya marehemu bibi, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu. Mama aliirithi pamoja na kazi ya ushonaji. Kila asubuhi nililalamikia kelele zake, kwa heshima zote, nikiwa nimejifunika mto kichwani.

Mama alitaka mkopo wa kununua mashine ya kudarizi. Kampuni moja ilimpa mkataba akausome. Riba yake ilikuwa ndogo kuliko ya chama cha akiba alichojiunga nacho. Dhamana ilikuwa cherehani ya bibi. Mama akishindwa kulipa, inachukuliwa.

"Kesho natia saini," alisema, huku akibana pindo la gauni la jirani yetu, karani wa mikopo katika benki. Jirani alisimama juu ya kigoda, pini kila mahali.

"Kwanza nisomee gharama zote, dada."

"Usitingishike, nitakuchoma!" Mama akanigeukia. "Wewe mtundu, hebu soma."

Nikasoma kwa sauti ya mgeni rasmi. Riba. Ada ya kuandaa mkopo. Bima ya hiari. Faini ya kuchelewa.

"Msihangaike na majina," alisema jirani. "Ulizeni kila moja inalipwa lini. Faini inakuja ukichelewa tu. Iweke kando, ila ujue ni kiasi gani. Ada ya kuandaa mkopo huikwepi, hata ukilipa kwa wakati. Hiyo jumlisha na riba. Ndiyo gharama ya mkopo."

"Na bima? Si wameandika ya hiari?"

"Ukiikataa, mkopo unaupata?"

Mama alitoa pini mdomoni. "Yule kijana wa kampuni alisema bila bima hakuna mkopo."

"Basi ni ya lazima. Nayo jumlisha."

"Kumbe ni kama mchango wa hiari wa shuleni kwetu," nilisema kwa huzuni ya kitaalamu. "Usipotoa, unarudishwa nyumbani."

Jirani alicheka. Kisha akapiga yowe.

"Si nilikwambia usitingishike?" alisema Mama.

Alijumlisha upya kwa chaki, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mkopo wa riba ndogo ulionekana ghali kuliko wa chama. Akaweka mkono juu ya cherehani.

Kesho yake alikwenda kwenye chama. Huko nako aliuliza kila ada inalipwa lini, akajumlisha, ndipo akatia saini. Dhamana ikawa akiba yake mwenyewe.

Mwezi uliopita alimaliza deni. Mashine mpya inadarizi kwa adabu, haisikiki hata sebuleni. Ya bibi iko palepale dirishani, bado inaamsha watu. Mimi sasa niko bwenini, ninaamshwa na kengele isiyo na undugu na mtu.

Mama alipokuja kunitembelea aliuliza ninakumbuka nini cha nyumbani.

"Kelele," nilisema. Kwa mara ya kwanza sikuwa na utani.

Alinishika bega. "Njoo uzisikilize, mwanangu. Hazina ada."