Yakinyamaza, Epua

Siku ile mbuzi haikulia.

Fundi wa cherehani aliamka jua limeshapanda juu ya vitambaa vyake, akabaki kitandani akijiuliza kwa nini hakuna aliyemwamsha. Kwa miaka tisa hakuwa na haja ya saa. Nyuma ya ukuta wa kitanda chake aliishi kikongwe aliyeitwa Bibi Mafuta, na kila alfajiri Bibi Mafuta aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi za kupikia mafuta ya nywele: kwaru, kwaru, kwaru, mpaka jirani aseme haya, basi, naamka.

Jumatatu ile, kimya. Fundi akagonga ukuta kwa mkasi, mara tatu. Kimya. Akatoka, akausukuma mlango wa jirani. Haukuwa na komeo.

Baada ya saa moja Inspekta alikuwa amechuchumaa katika chumba kile. Kikongwe alilala ubavu karibu na mafiga, kigoda kimepinduka pembeni. Kisogoni damu ilikuwa imekauka. Chupa ilikuwa imeanguka, na mafuta yametandaa sakafuni hadi miguuni pake.

"Ameteleza, afande," alisema Konstebo, msichana mwepesi wa kalamu na wa maneno. "Kazi yake mwenyewe ndiyo imemmaliza."

Inspekta alikuwa anatazama nywele.

"Konstebo, wewe unajua kusuka?"

"Mimi nasukwa, afande. Kusuka ni kazi ya wenye subira."

"Hebu tazama kichwa."

Upande wa kushoto nywele nyeupe zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, imenyooka kama rula. Upande wa kulia zilikuwa timtim, chanuo limekwama katikati.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kipimo bado kinaning'inia shingoni.

"Fundi, Bibi alikuwa anajisuka mwenyewe?"

"Atajisukaje, baba? Bega la kulia lilikufa tangu mwaka juzi. Hata blauzi nilimshonea za kufungia mbele."

"Nani alikuwa anamsuka?"

Fundi alishika kipimo chake. "Sijui."

"Miaka tisa?"

"Ukuta ulikuwa wetu sote, baba. Mlango, kila mtu na wake."

"Ulimsikia lini mara ya mwisho?"

"Jana alasiri. Alikuwa anacheka. Kisha kitu kikaanguka, puu. Nikasema moyoni, nazi hiyo."

"Hukuja kutazama?"

"Nilikuwa na gauni la harusi mashineni." Alitazama mikono yake. "Mashine ikilia husikii kitu. Lakini nilisikia."

Inspekta aliinama karibu na mistari ile ya kushoto, akanusa. Kisha akaenda kwenye rafu. Chupa zilipangwa kama wanafunzi mstarini: mafuta ya ufuta, mafuta ya nyonyo mazito kama asali, majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, manjano ya kusaga ya kupaka uso, kikombe cha utomvu wa mshubiri. Katikati, mafuta ya nazi, meupe kama maji ya kisima. Akachovya kidole, akanusa tena.

"Haya na yale ya kichwani si mamoja," alisema. "Ya kichwani yameungua."

"Afande, wewe unanusa kama paka wa jikoni."

Inspekta angeweza kumweleza, ila hakumweleza. Harufu ile aliijua. Mke wake alipougua hata asiweze kusimama, yeye ndiye aliyejaribu kumpikia mafuta. Akayaunguza. Mke akacheka, akajipaka hivyo hivyo, na mto wake ukanuka jikoni mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa miezi saba iliyopita. Foronya ile bado hajaifua.

"Sufuria iko wapi?" Fundi alisema ghafla. Alikuwa anatazama mafiga. "Sufuria yake ya kupikia. Ya chuma, ina mikono miwili. Haitoki hapo. Hata chumba kikipakwa chokaa haitoki."

Juu ya mafiga hapakuwa na kitu.

"Andika, Konstebo," alisema Inspekta. "Maji yakimwagika hayaibi sufuria. Na mafuta vilevile."

*

Daktari wa chumba cha maiti alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima.

"Kisogo kimegonga figa. Na hapa," alisema, akiinua kwa kibano msuko wa mwisho, ule wa utosini, "shina limeng'oka nusu. Ngozi imevilia damu. Mtu ameuvuta."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Saa mbili, pengine tatu."

"Angefikishwa hospitali?"

"Angefikishwa, asingekuwa mezani kwangu," alisema Daktari.

Nje, kwenye benchi, Fundi alikuwa anasubiri. Alikuwa amekuja na kichupa kimefungwa kwenye leso.

"Mwanawe yuko safarini, anafika Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo tunazika. Naomba niingie nimmalizie kichwa."

"Haiwezekani, Fundi. Nywele zile ni kielelezo. Haziguswi mpaka nimpate aliyezishika."

"Bibi hawezi kuzikwa nusu kichwa, baba! Mtaa mzima vichwa vyao amevipaka yeye. Mtoto akitoka upele, kwa Bibi. Bibi harusi akitaka ngozi ing'ae, kwa Bibi. Leo aende kama mtu asiye na watu?"

Inspekta alitaka kusema kwamba watu wenyewe hawakuonekana. Benchi lile lilikuwa na mtu mmoja tu. Akajizuia.

"Basi mtafute," alisema Fundi, akilifunga upya fundo la leso. "Leo Jumanne. Mtafute kabla ya Ijumaa."

*

Mkemia alisema majibu ya maabara yatachukua wiki mbili. Inspekta hakuwa nazo. Akamtuma Konstebo akusanye chupa kwa kila mtu anayepika mafuta ya nyumbani pale mtaani. Jumatano asubuhi chupa tano zilikuwa mezani.

Akanusa ya kwanza. Akanusa ya pili. Konstebo alibana kicheko.

"Afande, nikuletee na samaki?"

Ya nne aliishika kwa muda zaidi. Rangi yake ilikuwa ya chai nyepesi. Akaifunga taratibu.

"Ya nani hii?"

"Ya msusi mwenye saluni karibu na kituo cha mabasi. Alijifunza kwa marehemu miaka minne. Wanasema waliachana vizuri."

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti vitatu. Msusi alikuwa mwanamke wa makamo, vidole vyembamba, vyepesi. Alikuwa anamsuka mama mmoja mnene, na mistari ile Inspekta aliitazama mara moja tu. Imenyooka kama rula.

"Pole na msiba, dada."

"Tumeshapoa, afande. Alikuwa mama yangu huyo."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Kazi nyingi."

"Hukwenda Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa nyumbani. Nimelala."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilale na nani?"

Mama aliyekuwa anasukwa alicheka. Inspekta aliinua chupa kutoka kwenye rafu.

"Haya unapika mwenyewe?"

"Kama alivyonifundisha Bibi. Asilia."

"Asilia ndiyo," alidakia yule mama, kichwa kimeinamishwa, "ila shoga yangu, nilikwambia, haya siyo yale ya Bibi. Mume wangu ananiuliza kama nimelala jikoni."

Vidole vya Msusi vilisimama, kisha vikaendelea. Lakini Inspekta aliuona uso wake kwenye kioo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa neno moja kila siku kwa miaka mingi.

"Unajuaje kama yameiva?" aliuliza Inspekta.

"Naangalia rangi ya machicha. Yakiwa ya dhahabu, naepua."

"Bibi alikufundisha hivyo?"

Msusi alichora njia ya mstari mwingine.

*

Alhamisi walirudi na hati ya upekuzi. Nyuma ya saluni palikuwa na kibanda cha kupikia. Juu ya jiko, sufuria nzito ya chuma, nyeusi tii kwa moshi.

"Nimeinunua zamani," alisema Msusi.

Inspekta hakubishana naye. Alimwita Fundi. Fundi aliizunguka sufuria ile kama mtu anayemtazama ndugu yake gerezani.

"Mikono yake ilikuwa inamuunguza Bibi. Nikamshonea kitambaa cha jinzi, nikakizungushia. Vidole vinne kila upande. Ndiyo kitu pekee alichowahi kuniomba."

Kitambaa hakikuwepo. Lakini kwenye kila mkono wa sufuria, katikati ya weusi, palikuwa na sehemu ya chuma safi ambayo moshi haukuwahi kuigusa. Fundi aliweka vidole vyake vinne juu yake. Havikuzidi wala kupungua.

Inspekta alifunua kifuniko. Chini kulikuwa na mafuta kidogo yaliyobaki, rangi ya chai. Harufu ikapanda.

Msusi alikaa chini, sakafuni, kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Maelezo yake ya onyo yaliandikwa kituoni, saa nane mchana, dirisha wazi.

"Kila Jumapili ya pili nilikuwa naenda kumsuka," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwa anamgusa kichwa. Nilikuwa nampelekea na mafuta yangu, aonje kwa pua. Kila mara anasema, mwanangu, umeunguza."

"Na Jumapili hii?"

"Alikubali nimpake. Nikafurahi. Nikafika nusu ya kichwa, nikamwambia, Bibi, mkono wako hauinuki tena, hiyo sufuria nipe mimi. Akacheka."

"Akasema nini?"

"Akasema, sufuria haina masikio. Masikio unayo wewe. Sikiliza povu. Mafuta yakiwa na maji yanapiga kelele, yakinyamaza, epua." Alifuta uso kwa kiganja. "Miaka minne aliniambia hayohayo. Nilijua ananificha. Siri ya maisha yote ya mtu haiwezi kuwa nyepesi namna hiyo."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nimeshika msuko. Nikauvuta. Kigoda kikaenda."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anakoroma."

"Ukaita mtu?"

"Nilichukua sufuria."

Konstebo aliacha kuandika. Inspekta akampa ishara, kalamu ikaendelea.

"Kwa nini, dada?"

"Watu wananiuliza, nani alikufundisha? Nikisema Bibi Mafuta, wananusa chupa, halafu wananitazama kama nimeiba jina. Sina mume, sina mtoto, afande. Nilikuwa na jina hilo tu. Nikadhani nikipata sufuria, nitakuwa mimi."

"Uliitumia kupikia?"

"Jumatatu asubuhi."

"Yakawaje?"

Msusi aligeukia dirishani.

"Yaliungua," alisema.

"Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu," alisema Inspekta. "Ungegonga tu."

"Nilisikia cherehani. Nikajua hatasikia."

Hilo liliandikwa, kwa kuwa lilisemwa. Lakini Inspekta hakulipeleka kwa Fundi.

Msusi alitia sahihi. Kisha akainua macho. "Afande, nipelekeni nikammalizie ule upande. Ile mistari ni mimi tu ninayeiweza."

"Hapana," alisema Inspekta.

*

Ijumaa asubuhi Daktari alifungua mlango wa chumba cha maiti, akakumbuka kwamba ana karatasi za kujaza ofisini.

Fundi alifungua leso. Mafuta meupe kama maji. Alimimina kidogo kiganjani, akayapasha kwa kusugua, akasimama hapo na mikono imeinuliwa.

"Mimi najua kushona, baba. Kusuka sikuwahi kujifunza. Sina binti."

Inspekta alivua koti. Alichukua chanuo, akachora njia kutoka kwenye paji hadi kisogoni, polepole, jinsi alivyofundishwa na mtu aliyelala kitandani na kusema: siyo hapo, hapo, ndiyo, usiniumize. Vidole vilikumbuka zaidi yake mwenyewe.

"Shika hapa," alisema. "Mafungu matatu. La kati chini."

"Hivi?"

"Kaza kidogo."

"Ataumia."

Kisha Fundi akakaza.

Walimaliza kabla ya mwana kufika. Mistari ya kushoto ilikuwa imenyooka. Ya kulia ilipinda, mmoja ukamezwa na mwenzake karibu na sikio. Fundi aliipapasa kwa kidole.

"Angenicheka," alisema. "Ningemsikia kupitia ukutani."

Kichupa kilibaki na mafuta kiasi cha kijiko. Alimpa Inspekta. Inspekta akakataa, kisha akakipokea.

Sufuria sasa iko kwenye ghala la vielelezo, imefungiwa kadi yenye namba, mpaka kesi isikilizwe. Chumba cha Bibi hakijapata mpangaji. Fundi anaamshwa na simu.