Tairi la Mchanga

Jumapili nyumbani kwa kina Fenne zilianza vilevile. Mama yao, Greet, alipaka mkate siagi, huku Jorien, dada yake Fenne, akizunguka jikoni akitafuta soksi. Pikipiki ya mashindano ya Jorien ilikuwa imeshafungwa ndani ya gari, pamoja na magurudumu mawili ya nyuma. Moja lilikuwa na tairi la mchanga, lenye meno marefu yaliyoachana, yanayochota kama koleo. La pili lilikuwa na tairi la ardhi ngumu, lenye meno mafupi yaliyosongamana. Watu wa Balen, mji wao, wamezaliwa mchangani na wanauringia mchanga wao, kwa hiyo lile la pili lilikuwa likitembezwa tu.

Siku hiyo walikwenda kusini, kwenye vilima, kushindana katika uwanja wasioujua. Foleni iliwachelewesha, wakafika mazoezi ya asubuhi yakikaribia kuanza.

"Fenne, mimi napeleka pikipiki ikakaguliwe, na dada yako anavaa," Mama alisema. "Izunguke njia yote kwa miguu, mpaka nyuma ya msitu. Kanyaga kwa kisigino, halafu uniambie chini kuna nini."

"Sawa, Mama."

Fenne aliondoka kwa nia njema kabisa. Sehemu ya mbele ilikuwa mchanga laini, kama wa nyumbani. Lakini kabla ya kuufikia msitu kulikuwa na kibanda cha chipsi, na kibandani alikuwepo Lobke, rafiki yake wa darasani, ambaye kaka yake naye alikuwa mshindani.

"Unakwenda wapi na mchanga wote huo viatuni?" Lobke aliuliza.

"Kuangalia njia huko nyuma."

"Huko nyuma si mchanga tu? Acha kujitesa. Njoo, chipsi zinapoa."

Fenne alikula, akacheka, akajipangusa mayonezi mdomoni, kisha akarudi mbio.

"Mchanga mtupu," alisema.

"Mpaka nyuma ya msitu?"

"Mpaka nyuma ya msitu, Mama."

Mama hakuuliza tena. Alifunga tairi la mchanga, akakaza nati, akampiga Jorien begani.

Dakika chache baadaye Fenne alisimama kwenye uzio. Kando yake mzee mmoja mwenye mbwa alikuwa akizitazama pikipiki zilizopanga foleni ya kuingia.

"Yule binti wa kofia ya kijani, nani kamfungia tairi lile?" mzee alisema. "Mlima wa nyuma ni mawe na udongo mgumu. Tairi la mchanga pale halishiki. Atakiona cha moto."

Kofia ya kijani ilikuwa ya Jorien. Fenne alikimbia kandokando ya uzio akipiga kelele, "Dada! Dada, simama!" Injini zilikuwa zikinguruma zote kwa pamoja, hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alipojaribu kupita chini ya kamba, msimamizi alimrudisha kwa mkono.

"Rudi, mtoto. Hapa hapapitwi."

"Dada yangu, tairi lake..."

"Nimesema rudi."

Pikipiki ziliingia. Ile ya Jorien ilikata mchanga vizuri mno, ikawapita wawili, ikaingia msituni kwa kasi. Fenne alibaki ameshika waya wa uzio. Hakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kisha juu ya mlima bendera ya njano ikapepea, ishara kwamba kuna aliyeanguka.

Mama alikuja akikimbia. Fenne alimwambia yote huku akilia: kibanda, chipsi, uongo. Mama alimsikiliza akiwa ameukazia macho mlima. Walisubiri. Wengine walizunguka na kupita, lakini kofia ya kijani haikuonekana.

Hatimaye Jorien alitokea kwa miguu, akichechemea, muuguzi wa uwanja kando yake. Goti lilikuwa limechubuka na bega limevimba kidogo, lakini mifupa ilikuwa mizima.

"Tairi liliteleza kama sabuni," alisema. "Fenne, wewe si ulisema mchanga?"

"Sikufika kule, Dada. Nilidanganya. Nisamehe."

Jorien alivua kofia yake. "Ningekuwa sijaumia ningekukimbiza," alisema, akaketi.

Muuguzi alimruhusu kushindana mchana iwapo maumivu yatapungua. Mama aliliteremsha lile gurudumu la pili kutoka garini, akasita.

"Sijui njia ikoje kupita pale alipoanguka Jorien," alisema. "Fenne, tufunge lipi?"

Fenne alifikiri juu ya maneno ya yule mzee. Yangetosha kabisa kujibia.

"Sijui, Mama. Sijapaona kwa macho yangu. Ngoja niende."

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," Mama alisema, "na leo aliyeanguka mwishoni mwake si wewe, ni dada yako. Ungeniambia 'sijui' asubuhi, ningekwenda mwenyewe. 'Sijui' haijamwangusha mtu bado."

Fenne alikaza kamba za viatu, akakipita kibanda cha chipsi bila kugeuka, akapanda mlima akikanyaga kwa kisigino, hatua moja baada ya nyingine.