Pengo la Mjomba A-hok

Jui-lan hakuwa akiuma kipulizio cha saksafoni. Meno ya juu aliyaegemeza tu, mdomo wa chini ukawa mto laini wa utete, kile kijiti chembamba kinachotetema kutoa sauti, pembe za midomo zimekaza, taya limelegea, kama alivyofundishwa. Lakini kipande kipya cha mpira alichokibandika juu ya kipulizio asubuhi, kufika mchana kilikuwa na alama za meno zilizozama, na katikati yake pengo.

Yeye hana pengo.

"Bibi, nani kagusa saksafoni yangu?"

"Yako?" Bibi aliacha kuosha mapera. "Umeitoa mezani lini?"

 Saksafoni aliiunda mjomba A-hok, kwa mikono yake, hapohapo mjini Houli, kabla hajafa. Huu ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, wafu hutoka kuzimu kuja kula kwa jamaa zao, na bibi aliiweka kwenye meza ya sadaka ya mwanawe pamoja na wali na bata. Cha marehemu hakiondolewi mpaka vibao viwili vya mbao virushwe chini, vijibu kwamba ameridhika. Jui-lan hakungoja. Kesho ni mtihani wa chuo cha muziki, na sauti yake bado ilikwaruza.

"Kwani ataipuliza na nini, bibi? Majivu?"

"Funga bakuli lako! Mjomba wako na pengo lake lile hakumwazima mtu hata utete."

Kwa ukaidi, Jui-lan akapuliza. Noti ya chini ikatoka nene, tamu, kuliko zote alizowahi kupiga, ikaendelea alipoishiwa pumzi, ikaendelea alipotaka kukitoa kipulizio na meno yake yakakataa kuachana, ikaendelea huku harufu ya shaba iliyoungua na bata aliyechacha ikimjaa kooni na taya lisilo lake likikaza ndani ya taya lake, mpaka damu ya mdomo ikachuruzika kwenye vibonyezo.

Bibi akamnyang'anya, akairudisha saksafoni mezani.

"A-hok, chukua chako, mwache mtoto. Umemaliza?"

Vibao vikaanguka kifudifudi vyote. Hapana. Akarusha tena: chali vyote. Anacheka. Mara ya tatu, kimoja chali, kimoja kifudifudi.

"Kamaliza," bibi akanong'ona, akihema. "Kesho utapiga ya kuazima. Haya, kula."

Jui-lan akapokea pera, akang'ata, akalitazama. Katikati ya alama ulibaki ukanda mwembamba usioguswa.

Akapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele. Yalikuwepo yote.