Mnara wa Kuonja

Injinia Tumpe Kasyupa hakuwa na gari, wala hakulitaka. Hakuwa na mume. Aliyekuwapo alichoka kushindana na minara, akaenda zake kwa amani. Hakuwa na picha yake ukutani kama wakubwa wengine wa shirika, wala hakuwa na subira na watu wanaosema "tutaona". Na jambo moja zaidi lilimpungukia bila mwenyewe kujua: hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Walikuwapo zamani. Lakini kwa miaka mingi hakuwa amekosea, na watu wakaacha kumchunguza.

Kilichobaki chote alikuwa nacho. Alikuwa na akili kali, heshima ya nchi nzima, na mashine yake, Msambazi.

Asubuhi ile Msambazi alikuwa kazini kama kawaida yake. Mtu aliyesimama mjini Mbeya akainua macho kuelekea mlima Loleza angeiona minara-puto, mapira meupe makubwa kuliko nyumba, yamefungwa kwa nyaya na kuelea juu ya ukungu, moja baada ya jingine, mpaka macho yachoke. Hayo ndiyo yaliyobeba mtandao wa Nyanda za Juu. Na mtandao wa enzi ile haukuwa wa kupigia soga tu. Uliendesha treni zisizo na dereva. Ulifungua na kufunga malango ya mifereji ya mpunga kule Usangu. Tena uliongoza ndege-tabibu, vile vyombo vya mabawa manne vilivyopeleka dawa na damu na kurudi na mgonjwa. Mtandao ukikohoa, nchi nzima ilishika kifua.

Kila mnara uliishi kwa mpangilio wake, yaani maagizo mengi yanayouambia upaze sauti kiasi gani, usikilize mkondo upi, na msafiri anayepita umkabidhi kwa mnara wa jirani wakati gani. Mipangilio hiyo ilibidi ibadilishwe kila mara, maana watu huongezeka, miti hurefuka, na majengo huota kama uyoga. Zamani injinia alibonyeza kitufe, agizo likaenda kwenye minara yote kwa mpigo. Tarakimu moja ikikaa vibaya, mikoa kadhaa ilikuwa bubu kutwa nzima, na mawaziri walihutubia wananchi kuomba radhi.

Ni Tumpe aliyeutibu ugonjwa huo, na dawa yake hakuitoa ng'ambo. Bibi yake, kule Rungwe, hakumpa mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mbele yake. Waliita kuondoa sumu. Kama kina madhara, kimdhuru mwenye nyumba. Tumpe akaijenga akili-unde juu ya desturi hiyo, akaipa jina Msambazi. Mpangilio mpya ukitungwa, Msambazi kwanza aliupeleka kwenye mnara mmoja tu, mnara wa kuonja. Aliusikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Ukiwa mzima, aliupeleka kwa minara michache ya jirani, halafu wilaya, halafu nchi. Dosari ikijitokeza popote, aliurudisha mpangilio wa zamani kabla mtu hajamaliza kusema "haloo". Wataalamu walitoka mbali kuja kujifunza, na walipoondoka walisema jina lenyewe kwa Kiswahili: Desturi ya Kuonja.

Mpangilio wa siku hiyo ulikuwa mkubwa kupita yote. Ungeziwezesha ndege-tabibu kuruka hata kwenye mvua nzito ya masika, minara ikipokezana kuzishika mkono. Mnara wa kuonja ulikuwa umeupokea tangu juzi, na Msambazi aliridhika. Adhuhuri, mbele ya wageni kutoka wizarani, ungeanza kusambazwa nchi nzima.

Tumpe alikuwa akivuka ukumbi wa mapokezi, kifua mbele, aliposikia ugomvi.

"Tafadhali wasilisha lalamiko lako kwa njia ya simu," ilikuwa ikisema roboti ya mapokezi kwa upole.

"Kwa simu ipi?" Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa amevaa mabuti ya mvua yenye tope hadi magotini, na mkononi ameshika ndoo ya bati ya maziwa. "Simu ndiyo lalamiko lenyewe! Nikulalamikie moto kwa kukutumia moto?"

"Tafadhali wasilisha lalamiko lako kwa njia ya simu."

Mlinzi Kajela alikuwa akicheka huku ameshika mbavu. "Mama, usijichoshe. Hiyo haina masikio ya matusi."

"Basi niitie mwenye masikio!"

Tumpe akasogea, akamsalimu kwa salamu ya kwao, ile ya kumwuliza mtu amelalaje. "Ugonile, dada."

"Nimelala kwenye kibaraza cha kanisa, Isongole, na mbu wa Isongole hawana dini." Mwanamke alimtazama toka viatu hadi kichwa. "Naitwa Ndimbumi Kibona. Natoka bonde la Isumbi, kule nyuma ya milima ya Ileje. Wewe ni mmoja wa wenye mtandao?"

"Ni mmoja wao."

"Hongereni. Mnatuua."

Kajela aliacha kucheka.

Ofisini, Tumpe alimmiminia chai kwa mkono wake. Ndimbumi alisubiri. Tumpe alipoona kikombe hakiguswi, alikumbuka, akainua kikombe chake akanywa kwanza. Hapo mgeni naye akanywa, akaanza kusema.

Isumbi, alisema, mtandao ulikuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Unakuwa mzima, halafu ghafla siku nzima au mbili simu zinakuwa mawe. Halafu unarudi kana kwamba haukwenda popote. Masika yaliyopita kaka yake, Ambakisye, aliumwa na nyoka shambani. Walipiga simu ya kuita ndege-tabibu, wakapiga tena, wakapanda kilimani wakapiga. Kimya. Wakamfunga kwenye machela ya mianzi wakaanza kumbeba. Hawakufika mbali.

"Ndege ilikuja," alisema Ndimbumi. "Wito wetu ulikuwa umekwama huko hewani, mtandao uliporudi ukafika. Ndege ikaja siku ya matanga. Ikatua katikati ya waombolezaji, ikafungua mlango, ikauliza kwa sauti nzuri kabisa: 'Mgonjwa yuko wapi?' Mama yangu akaionyesha kaburi kwa kidole."

Tumpe aliweka kikombe chini. "Ndaga, dada," alisema, neno ambalo kwao hubeba pole na shukrani pamoja. Baadaye akauliza, "Mbona hamkulalamika?"

"Tulilalamika! Mtandao ukirudi tunapiga. Mashine yenu inauliza, 'Je, kwa sasa unapata mtandao?' Tuseme nini? Tunaupata, si ndio tunaongea nao? Tunasema ndiyo. Inasema, 'Ahsante, tatizo limetatuliwa.' Inakata."

Tumpe aligeukia meza yake. Siku moja au mbili ndio muda wa kuonja mpangilio mmoja.

"Msambazi. Mpangilio wa leo unaonjwa na mnara upi?"

"Mnara wa Isumbi, Injinia," sauti ilijibu kutoka mezani. Ilikuwa sauti tulivu, na Tumpe mwenyewe ndiye aliyeichagua.

"Na mpangilio uliotangulia?"

"Isumbi."

"Na ule wa masika yaliyopita?"

"Isumbi. Nimekuwa nikiichagua Isumbi karibu tangu nianze kazi."

"Kwa nini?"

"Uliniagiza nichague mahali ambapo jaribio litawasumbua watu kidogo zaidi. Usumbufu naupima kwa malalamiko. Isumbi haina malalamiko."

Ndimbumi alikitazama kile kisanduku cha sauti kama mtu anavyomtazama mwizi aliyemkaribisha chakula.

Tumpe aliiona akilini mikono ya bibi yake, kibuyu, na midomo ikigusa kinywaji kabla ya mgeni. Bibi hakuwahi kumwita mtoto wa jirani aje kuonja. Msambazi alikuwa amefundishwa kuonja, akafundishwa vizuri, lakini hakuna aliyemwambia ni kinywa cha nani. Na aliyesahau kumwambia alikuwa Tumpe.

"Na mpangilio wa sasa," aliuliza, "Isumbi inauonaje?"

"Mnara uko hai. Joto la kawaida. Lalamiko hakuna hata moja. Ni utulivu ambao haujawahi kupatikana katika jaribio lolote."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Ndimbumi. "Tangu juzi simu zote zimekufa kule kwetu. Zingekuwa hai, ningekuja mpaka huku na mabuti?"

Mlango ulifunguliwa, akaingia Mkurugenzi Gwakisa Mwalwega, tai imenyooka, uso unang'aa kwa furaha. "Injinia, wageni wameketi. Njoo ubonyeze, tule."

"Sibonyezi."

"Unasemaje?"

"Mpangilio ni mbovu. Umeinyamazisha Isumbi. Tukiusambaza, ndege-tabibu zitakuwa viziwi toka Tunduma hadi Njombe, na wagonjwa wakiwa ndani yake."

Mkurugenzi alitazama ukuta wa taa zinazoonyesha hali ya minara. "Mbona zote za kijani?"

"Za kijani kwa sababu tunauuliza mnara kama ni mzima. Mnara unasema ni mzima, na kweli ni mzima, ila simu za watu haziwezi kuushika. Mzee, tumekuwa tukimwuliza mpishi kama chakula ni kitamu."

"Nani kakwambia haya?"

Tumpe akamwonyesha kwa kiganja. Mkurugenzi akayaona mabuti, tope, na alama za nyayo kwenye zulia lake.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndimbumi kwa adabu kubwa, "zulia litafuliwa."

"Msambazi," alisema Tumpe, "rudisha mpangilio wa zamani Isumbi."

"Injinia, hakuna lalamiko lililo..."

"Nalalamika mimi. Rudisha."

Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi. Kisha, ndani ya kanga ya Ndimbumi, simu yake ililia. Simu hiyo, kwa kuwa ilikuwa mjini tangu asubuhi, haikuwa na tatizo; zilizokuwa zimekufa ni za nyumbani Isumbi. Akaipokea, na sauti ya kiume ikajaza ofisi: "Wewe mwanamke uko wapi? Ng'ombe amenipiga teke, watoto wananicheka!"

"Umemkamua upande gani?"

"Wa kushoto!"

"Si nilikwambia kulia?" Akakata, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Alikuwa anacheka na hakuwa anacheka. "Umerudi," alisema. "Ule mtandao wenu umerudi."

Tumpe alikwenda ukumbini mwenyewe. Aliwaambia wageni wa wizarani yote, pamoja na kaburi, bila kuisukumia mashine lawama. Kuna walionung'unika. Lakini mmoja wao, aliyekuwa na mtoto ndani ya ndege-tabibu saa ileile, alisimama akampa mkono.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Mpangilio ungesahihishwa, na ungehitaji kuonjwa tena. Mkurugenzi alitandaza ramani.

"Tutafute bonde jingine," alisema. "Lenye watu wachache. Tuwape na fidia."

"Na wewe nyumbani kwako kuna nani?" Ndimbumi alimwuliza Tumpe, si Mkurugenzi.

"Baba. Moyo wake una kidundo, kifaa kidogo kinachousukuma. Mtandao ndio unaokitazama."

"Basi unajua sasa."

Ni kweli, alijua. Alitazama ramani, akaiona nyumba yao ya Uyole chini ya mnara wake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote mkono wake ulikuwa mzito. Hapakuwa na bonde lisilokuwa na mgonjwa. Hapakuwa na mahali padogo. Yeye ndiye aliyeziita sehemu nyingine ndogo, kwa kuwa alizitazama kutoka juu, kama puto.

"Mnara wa kuonja utakuwa wa Uyole," alisema.

"Injinia! Mzee wako!"

"Ndiyo, mzee wangu. Muuguzi atakaa naye, na ndege-tabibu yenye ramani yake itasubiri uwanjani, isiyotegemea mnara. Kila nyumba itaambiwa siku kabla, kwa mdomo. Na Msambazi atawapigia watu wenyewe. Asipojibiwa, asiseme kuna utulivu. Kimya akichukulie kuwa hatari, arudishe mpangilio wa zamani mara moja."

"Nimeelewa, Injinia," alisema Msambazi. "Hilo ni badiliko kubwa. Nilionje wapi kwanza?"

Hata Mkurugenzi alicheka. "Hapa hapa," alisema, akivua koti. "Lionje kwetu."

Jioni, lori la maziwa lilikuwa likingoja nje ili limrudishe Ndimbumi. Lakini yeye hakupanda.

"Niandikie," alisema. "Kwa karatasi, kwa mkono wako. Nikifika na maneno ya mdomo watasema nimeyatunga. Ukituma kwa simu, yatapita kwenye mnara uleule."

Tumpe akakaa. Zamani mwandiko wake ulikuwa mzuri. Sasa herufi zilimkataa kwanza, kisha zikamkubali. Aliandika jina la Ambakisye Kibona juu kabisa, peke yake kwenye mstari. Aliandika kwamba mnara wa Isumbi ulikuwa ukinyweshwa sumu ya watu wengine, na kwamba kosa lilikuwa lake. Aliandika kwamba atakuja mwenyewe kuwapigia magoti wazazi, si kwa kamera. Na mwisho aliandika: *Mpangilio ujao utaanzia nyumbani kwangu. Baba yangu ameambiwa. Amesema, mwenye nyumba hunywa kwanza. Mkisikia simu zenu zinalia, jueni sisi tumekwisha kunywa.*

Aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Akalamba gundi ya bahasha, chungu kidogo kwenye ulimi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Ndimbumi aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya ndoo ya bati ili mvua isiiguse, akafunga kifuniko, na lori likaanza kupanda kuelekea Ileje.